Ba, be, bi, bo, bu: mtoto anasoma au anaimba?



Likizo iliyopita nilikaa siku chache kwa dada yangu. Binti yake yuko darasa la kwanza, na ukutani sebuleni wamebandika chati ya silabi, ile unayoijua: ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, da de di do du. Akachukua mwiko jikoni, akajifanya mwalimu, akaisoma chati nzima mstari kwa mstari bila kukosea hata mara moja. Tukampigia makofi.

Halafu nikafanya uchokozi. Nikafunika mstari wa kwanza kwa kiganja, nikaacha silabi moja tu ionekane: bo. Akanyamaza. Nikaona midomo inacheza kimyakimya, ba... be... bi..., kisha kwa sauti: "Bo!" Nikachukua karatasi nikamwandikia "dobi". Akaitazama, akanitazama mimi. "Mjomba, hiyo hatujafundishwa."

Jioni dada akanionyesha ripoti ya shule. Kwenye somo la kusoma pameandikwa: "Anasahau haraka. Aongeze bidii kukariri." Dada ameshaanza kuamini kwamba mtoto wake ana kichwa kizito.

Leo nataka kubishana na sentensi hiyo. Sigombani na mwalimu aliyeiandika, maana ana darasa limejaa hadi mlangoni. Nagombana na wazo lililo nyuma yake: kwamba kusoma ni kugandisha herufi na sauti kichwani, na asiyeweza kusoma ni yule ambaye gundi yake haishiki. Na usidhani wazo hili liko kwenye vyumba vya walimu tu. Ndani ya sayansi ya usomaji lina tawi zima, lina majaribio yake na makala zake. Lina ukweli ndani yake. Ila tukilimeza zima bila kulitafuna, wanaoumia ni watoto kama huyu mpwa wangu.

Wazo lenyewe ni lipi?

Kujifunza kwa kuhusisha ni jambo rahisi: vitu viwili vikitokea pamoja mara nyingi, kimoja kinaanza kukumbusha kingine. Umesikia habari za mbwa wa Pavlov waliotokwa mate kabla chakula hakijafika. Wewe mwenyewe ukisikia kengele ya muuza aiskrimu mtaani, unajua kuna nini.

Miaka ya 1890 mwanasaikolojia Mmarekani Mary Whiton Calkins alipata njia ya kupima jambo hili kwa binadamu. Alionyesha watu rangi pamoja na namba, kisha akaonyesha rangi peke yake na kuuliza: namba yake ni ipi? Hilo ndilo jaribio la jozi, na linatumika hadi leo. Watafiti wa usomaji wamelirekebisha kidogo tu: mtoto anaonyeshwa umbo asilolijua, anaambiwa jina lisilo na maana, mfano "lupemo". Baada ya maumbo kadhaa anaulizwa: hili linaitwaje? Akikosea anarekebishwa, na mzunguko unaanza upya.

Unaona kwa nini jaribio hili linavutia? Linafanana sana na siku ya kwanza ya kujifunza herufi. Hakuna chochote kwenye umbo la "m" kinachosema mmm. Ni makubaliano tu ya watu wazima, na mtoto hana njia ya kuyagundua kwa akili yake. Lazima aambiwe, na lazima akumbuke. Hapo wazo la gundi liko sahihi kabisa, na anayesema kukariri hakuna nafasi kwenye kusoma anakosea.

Lipo pia jambo zuri lililotoka huko. Mwaka 1984 Linnea Ehri na wenzake walionyesha kwamba mtoto hushika herufi vizuri zaidi ikiwa picha ya kumsaidia imechorwa kwa umbo la herufi yenyewe na jina la picha linaanza na sauti ile. Kwa Kiingereza, nyoka aliyejikunja kama S anafaa sana, kwa sababu kwa lugha yao jina la nyoka linaanza na S. Picha ikiwekwa tu pembeni ya herufi, bila kufanana nayo, haisaidii namna hiyo. Sasa chukua chati hiyo uilete kwetu bila kufikiri: mtoto anaona nyoka, anasema "nyoka", na wewe unamwambia hii ni sss. Umempa gundi ya kubandika kitu kisichohusika.

Na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

Kosa la kwanza: gundi haichagui

Uhusishaji haujui kipi ni muhimu. Unashika chochote kilicho karibu.

Philip Gough na wenzake huko Marekani waliwahi kufanya jaribio moja ninalolipenda sana. Watoto wadogo ambao bado hawajui kusoma walifundishwa maneno manne kwenye kadi. Kadi moja ilikuwa na alama ya dole gumba pembeni, kama vile mtu mwenye mikono michafu ameishika. Watoto walilishika neno la kadi ile haraka kuliko mengine. Safi, si ndiyo? Subiri. Walipoonyeshwa neno lilelile kwenye kadi safi, chini ya nusu ndio waliolitambua. Lakini walipoonyeshwa dole gumba peke yake, bila neno lolote, karibu wote walilitaja lile neno. Walikuwa wamejifunza kusoma uchafu.

Wengine walikwenda na nembo ya Pepsi. Mwaka 1984 Patricia Masonheimer na wenzake waliwachukua watoto wa miaka 3 hadi 5 wanaotambua nembo za bidhaa mtaani, wakabadilisha herufi ya kwanza ikawa "Xepsi". Wengi hawakushtuka, waliendelea kusema Pepsi. Walikuwa wameshika rangi na duara. Herufi hawakuwa na habari nazo.

Sasa rudi sebuleni kwa dada. Mpwa wangu aliposema "bo" alikuwa amelihusisha na nini? Na wimbo. "Bo" kwake ni kitu kinachokuja baada ya "bi". Ndiyo maana ilimbidi aanze mwanzo kama mtu anayetafuta ubeti wa tatu wa wimbo na hawezi kuufikia bila kuimba wa kwanza. Kumbukumbu yake haina tatizo lolote. Amekariri chati nzima! Kilichotokea ni kwamba kumbukumbu hiyo imeshika mpangilio, herufi zikabaki pembeni.

Kwa hiyo kumwambia "ongeza bidii kukariri" ni kumwambia aimbe kwa sauti kubwa zaidi.

Kosa la pili: hesabu inakataa

Tuhesabu pamoja. Kiswahili kina irabu 5. Tuchukue konsonanti za herufi moja tu: b, d, f, g, h, j, k, l, m, n, p, r, s, t, v, w, y, z. Hizo ni 18. Chati yake ina silabi 90, ukiongeza irabu zenyewe unapata 95.

Mtoto anayejifunza kila silabi kama jozi inayojitegemea, picha moja na sauti moja, ana jozi 95 za kukariri. Mtoto anayegundua kwamba "ba" ina vipande viwili, na kwamba kile kipande cha kwanza ndicho kilekile kilichoko kwenye "bu", ana jozi 23 tu: 18 na 5. Nyingine zote anazitengeneza mwenyewe.

Na hapo hatujafika kwenye mba, mbe, mbi. Wala nya, ng'a, shwa, mbwa, ndwe. Kwa yule wa kwanza, kila kundi jipya ni jozi tano za ziada. Kwa wa pili, "mb" ni kitu anachokijua tayari, anakiunganisha tu. Na "ny" au "sh" ni jambo moja jipya, halafu irabu zote tano zinafuata bure.

Watoto hawa wawili, Machi wanaweza kupata alama sawa. Wote wanasoma ba be bi bo bu. Ukija Oktoba, mmoja anasoma mbao za maduka barabarani, mwingine anasubiri kufundishwa. Tofauti yao iko kwenye kitu walichohusisha. Wingi wa kumbukumbu hauingii hapo.

Ehri na Lee Wilce waliliona geuko hili mwaka 1985. Waliwapa watoto maandishi ya kujifanya. Neno "twiga" la Kiingereza, ambalo huandikwa giraffe, liliandikwa kwa njia mbili: JRF, ambayo inadokeza sauti za neno, na WBC, ambayo haihusiani nalo ila maumbo yake yanatofautiana na kuvutia macho. Watoto ambao hawajaanza kusoma kabisa walishika zaidi yale yanayovutia macho. Walioweza kusoma japo maneno machache walishika zaidi yale yanayodokeza sauti. Uhusishaji ulikuwepo kwa wote. Kilichobadilika ni kwamba kundi la pili lilikuwa na sababu ya kuhusisha: herufi ile iko pale kwa kuwa sauti ile imo ndani ya neno.

Kosa la tatu: jaribio linapima nini hasa?

Sasa tuingie kwenye tafiti zenyewe, maana huko ndiko wanakochukua ushahidi.

Mwaka 2007 Charles Hulme, Margaret Snowling na wenzao walichapisha utafiti unaotajwa sana. Waliwapima watoto wa shule za msingi Uingereza kwa majaribio ya jozi ya aina tatu: umbo kwa umbo, neno kwa neno, na umbo kwa neno. Waliwapima pia uwezo wa kuondoa sauti kwenye neno. Kwa Kiswahili ingekuwa kama "sema mbuni bila m". Jozi za umbo kwa neno zilihusiana na usomaji kuliko jozi nyingine, na zilibashiri usomaji wa maneno hata baada ya kuzingatia ule uwezo wa kucheza na sauti. Watu wengi huishia hapo: umeona, gundi ya macho na masikio ndiyo injini ya kusoma!

Lakini endelea kusoma makala ileile. Uhusishaji ulibashiri usomaji wa maneno yasiyofuata kanuni, ambayo Kiingereza kimejaa tele. Ulipofika kwenye maneno ya kubuni, yale ambayo lazima uyasome kwa kuunganisha sauti, haukubashiri kitu. Hapo uwezo wa kucheza na sauti ndio uliobaki peke yake.

Sasa jiulize: Kiswahili kina maneno mangapi yasiyofuata kanuni? Ukiweza kusoma "lupemo" unaweza kusoma "maembe". Yaani pale ambapo uhusishaji ulionyesha nguvu zake ni uwanja ambao kwetu karibu haupo, na pale uliposhindwa ndipo mtoto wetu anaposhinda kila siku. Matokeo ya Kiingereza hayawezi kuvuka bahari na kushuka bandarini bila kukaguliwa.

Halafu mwaka 2013 Robin Litt, Kate Nation na wenzao wakauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mapema: je, ugumu uko kwenye kuunganisha macho na masikio, au uko kwenye kutamka neno jipya? Wakaongeza jozi ya nne: neno kwa umbo. Hapo mtoto anasikia jina geni na anatakiwa kuonyesha umbo lake kwa kidole tu. Bado anaunganisha sikio na jicho, ila halazimiki kutamka. Matokeo: majaribio yaliyohusiana na usomaji ni yale yaliyomtaka mtoto atoe neno jipya kwa mdomo, hata pale ambapo hapakuwa na umbo lolote la kuangalia. Ya kuonyesha kwa kidole hayakuhusiana.

Kumbe! Jaribio tulilodhani linapima gundi kati ya herufi na sauti linaweza kuwa, kwa sehemu kubwa, linapima jinsi mtoto anavyoshika umbo la sauti la neno asilolijua. Mjadala haujafungwa, lakini kwangu hilo linatosha kuacha kusema "uwezo wa kuhusisha" kana kwamba ni kipaji kimoja ambacho mtoto anacho au hana.

Na kwetu jambo hili ni kubwa. Fikiria mtoto aliyekulia kijijini akizungumza Kisukuma au Kigogo, anaingia darasa la kwanza na kukutana na Kiswahili siku hiyohiyo anapokutana na herufi. Mwenzake wa mjini akisoma "ki" na "ti", masikio yake yanamwambia: ah, kiti! Huyu wa kijijini akiunganisha vizuri kabisa anapata neno lisilomwambia kitu. Kila neno kwake ni "lupemo". Tukimpima mwisho wa muhula na kuandika "anasahau haraka", tumepima lugha na kuiita kumbukumbu.

"Lakini Kiswahili ni rahisi"

Najua kuna msomaji anasema: acha kukuza mambo, Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa.

Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Philip Seymour na wenzake mwaka 2003 walilinganisha watoto wa nchi za Ulaya mwishoni mwa darasa la kwanza. Wafini, ambao maandishi yao yanafuata matamshi kwa karibu, walisoma sawasawa asilimia 98 ya maneno ya kawaida. Watoto wanaosoma Kiingereza huko Scotland, asilimia 34. Maandishi yenye utaratibu ni zawadi.

Ila zawadi hiyo ni kwa anayeunganisha. Utaratibu hauna faida kwa mtoto anayeshika silabi 95 kama picha 95. Na hata kwa anayeunganisha kazi bado ipo: mwaka 2003 Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichambua makosa ya watoto wa Tanzania katika kuandika maneno ya Kiswahili, na walichosema hadi kwenye kichwa cha makala ni kwamba kujifunza tahajia ya lugha yenye utaratibu si jambo dogo. Ripoti za Uwezo nazo zimerudia kwa miaka kutuambia kwamba watoto wengi wa darasa la tatu Afrika Mashariki wanashindwa kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kama ni rahisi hivyo, mbona?

Sasa tuichane chati?

Hapana. Usiiguse. Chati ya silabi ni kifaa kizuri kuliko tunavyokitumia. Silabi ya Kiswahili inasikika wazi, wakati "b" peke yake ni ngumu hata kuitamka bila kuibandika irabu. Kuanzia kwenye silabi ni busara. Tatizo ni kwamba tunaisoma chati upande mmoja tu, kwenda kulia, na upande huo ndio wenye wimbo.

Kama una mtoto nyumbani au unafundisha, jaribu haya.

Isome kushuka chini: ba, cha, da, fa, ga. Wimbo unavunjika, na mtoto anaona kwamba mwisho unabaki uleule huku mwanzo ukibadilika. Kesho msome kwenda kulia, aone kinyume chake.

Badilisha herufi moja moja. Andika "paka", futa "p" uweke "t", kisha "w", kisha "n". Muulize kilichobadilika mdomoni kabla hujamuuliza neno ni nini.

Mpe maneno ya kubuni. "Damelo". "Gosipu". Akiyasoma, anasoma kweli, kwa sababu hakuna mahali pengine alipoweza kuyakariri.

Na kabla ya kumpa neno la kweli, hakikisha analijua kwa kusikia. Zungumza naye kwanza.

Hilo la mwisho nalisema kwa aibu. Siku ya tatu kwa dada nilikumbuka ile karatasi yangu, nikamuuliza mpwa wangu: "Dobi ni nani?" Akasema hajui. Kwa nini angejua? Nguo kwao anafua mama yake. Mimi, mwanafunzi wa uzamili, nilikuwa nimempa mtoto wa miaka saba "lupemo" yangu mwenyewe, halafu nikasikitika ameshindwa.

Basi tukaanza upya. Nikaandika "bo", akaipata, safari hii bila kupitia ba be bi, kwa sababu tulikuwa tumeshinda tukisoma chati kushuka chini. Nikaandika "da" mbele yake. Akavuta: "bo... da..." Kisha macho yakamtoka. "Boda! Mjomba, si ni bodaboda?" Akakimbia kumwita mama yake.

Sitaki kukudanganya kwamba sasa anasoma magazeti. Kurasa mbili bado zinamtoa jasho. Lakini kesho yake alinyang'anya kalamu, akaandika "bodi" na "doba", akaniuliza lipi ni neno la kweli. Mtoto anayesahau haraka hawezi kuuliza swali hilo.